Je, Kondo la Nyuma Ndilo Lililotoboa Moyo wa Binti Yangu?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 29, na naishi Tanga pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili. Wa kwanza ana miaka 5 na hajawahi kutusumbua kwa maradhi. Ninayekuandikia kwa ajili yake ni wa pili, binti wa miezi 7.

Mimba yake niliitambua ikiwa imeshapita miezi miwili, na kliniki nilianza mwezi wa tano. Siku hiyo ya kwanza walinipima wingi wa damu wakapata 9, nikapewa vidonge vya kuongeza damu. Mwishoni mwa mwezi wa saba uso na mikono vilianza kuvimba, kichwa kikaniuma siku mbili mfululizo, na nilipokwenda hospitali presha ilikuwa 170 kwa 110 na mkojo ulikuwa na protini nyingi. Nililazwa, nikachomwa sindano za kuzuia kifafa cha mimba, na baada ya siku nne nikafanyiwa upasuaji, mimba ikiwa na wiki 33. Mtoto alizaliwa na kilo 1.6. Nikiwa bado kitandani katika chumba cha upasuaji, nilimsikia muuguzi akimwambia mwenzake kwamba kondo la nyuma ni dogo kama kisahani na lina mabaka meupe, magumu. Baadaye nilipouliza, nilijibiwa kwamba nishukuru mtoto yuko hai, na kondo lenyewe lilikuwa limeshatupwa.

Alipofikisha wiki sita, binti yangu alianza kutoka jasho kichwani kila anaponyonya, akawa anahema harakaharaka na kuacha titi kabla hajashiba. Alipopimwa eko ya moyo, tukaambiwa ana tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini. Anatumia dawa, na tumepewa rufaa ya kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kwa ajili ya upasuaji.

Mama mkwe wangu, ambaye nampenda na ndiye aliyenihudumia arobaini yangu yote, anaamini kwamba kondo la mtoto huzikwa nyumbani kwao, na kwamba kwa kuwa la binti yangu lilitupwa na taka za hospitali, moyo wake umebaki wazi. Wifi yangu naye anasema ni kwa sababu nilikuwa nasimama darasani kutwa na kubeba ndoo za maji. Maneno hayo nilikuwa nayaacha yapite, mpaka usiku mmoja niliposoma kwenye simu kwamba wataalamu wenyewe wanasema kondo likiwa na kasoro, moyo wa mtoto nao huenda ukawa na kasoro. Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Naomba unieleze: je, kumbe mama mkwe ana haki? Kondo langu na presha yangu ndivyo vilivyotoboa moyo wa mwanangu? Na nikibeba mimba nyingine, yatajirudia?

Mama wa Binti, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu, na poleni sana wewe na mwenzako. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu jambo uliloligusa ni la kweli na limechunguzwa, na mtu akilipata nusu nusu usiku kwenye simu, linaweza kumtisha kuliko linavyostahili.

Nianze na lile lililo wazi kabisa. Kondo la nyuma likishatoka tumboni na kitovu kikakatwa, kazi yake kwa mtoto imekwisha. Likizikwa chini ya mnazi, likachomwa katika tanuri la hospitali au likatupwa, hakuna njia yoyote ambayo kitendo hicho kinaweza kuufikia moyo wa mtoto aliye mikononi mwa mama yake. Tena siku ile binti yako alipotolewa tumboni, tundu lake lilikuwa tayari na umri wa miezi kadhaa. Kuzika kondo ni desturi ya heshima, na ninaelewa kwa nini bibi wa mtoto aliumia kunyimwa nafasi hiyo. Wewe pia ulistahili kuulizwa na kujibiwa kwa adabu kabla halijatupwa. Maumivu hayo ni ya haki, lakini hayahusiani na ugonjwa.

Uliyoyasoma kwenye simu ni habari nyingine, kwa kuwa yanahusu kondo likiwa bado tumboni, tena katika wiki za mwanzo kabisa, na huko uhusiano wake na moyo upo kweli.

Turudi basi mwanzo. Siku tano hivi baada ya yai kurutubishwa, kile kitakachokuwa mtoto ni kitufe cha seli zisizozidi mia chache, na seli hizo zimeshagawana kazi: zilizo ndani zitamjenga mtoto, na zilizo nje ndizo zitakazojenga sehemu kubwa ya kondo. Naomba utulie hapa kidogo, kwa sababu watu wengi hawalijui jambo hili. Wewe umeandika “kondo langu”, lakini kondo ni la mtoto. Limetoka katika yai lile lile lililomtoa binti yako, na limebeba urithi wa baba kama lilivyobeba urithi wa mama. Mji wako wa mimba ulilipokea, ukalipa mahali pa kushikilia, na mishipa yako ikalifungulia damu, lakini mwenye kulijenga ni kiumbe mwenyewe. Kwa hiyo hata pale kondo linapokuwa na kasoro, kumwambia mama kwamba kondo lake ndilo lililoharibu mtoto ni kukosea tangu kwenye neno la kwanza.

Kitufe hicho hujishikiza katika ukuta wa mji wa mimba kuanzia siku ya sita au ya saba. Mnamo siku ya 22 moyo, ambao wakati huo ni mrija tu, huanza kudunda. Baada ya hapo mrija hujikunja, hugawanyika vyumba, na kuta huota katikati, na ule ukuta wa chini ambao kwa binti yako haukukamilika kwa kawaida hufunga karibu na mwisho wa wiki ya saba tangu mimba kutungwa. Katika hesabu ya kliniki, ambayo huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, hiyo ni wiki ya tisa hivi. Umeniambia mwenyewe kwamba uliitambua mimba ikiwa imeshapita miezi miwili. Maana yake ni kwamba, ulipokuwa unashangaa hedhi imechelewa kwa nini, moyo wa binti yako ulikuwa umeshajengwa karibu wote.

Wakati huo huo, upande wa pili wa kitovu, kondo nalo lilikuwa linaota matawi. Ndani yake kuna vitawi vingi mno, kama mizizi ya mkoko inavyojitawanya majini, na katika kila kitawi mna mishipa myembamba ya damu ya mtoto. Moyo mchanga husukuma damu kupitia mishipa ya kitovu kwenda kwenye vitawi hivyo, damu ikachukua chakula na oksijeni, kisha ikarudi. Mtoto aliye tumboni hatumii mapafu kupata hewa, kwa hiyo kondo ndilo pafu lake, ndiyo figo yake, na ni mojawapo ya sehemu kubwa kabisa ambazo moyo wake unazisukumia damu. Vitawi vikiwa vingi na mishipa yake ikiwa mipana, damu hupita kwa wepesi. Vikiwa vichache au vimebanana, moyo husukuma dhidi ya kizuizi. Na moyo unaojengwa hujengwa huku ukifanya kazi: nguvu na mwelekeo wa damu inayopita ndani yake vinachangia kuunda kuta na milango yake. Ndiyo maana wataalamu hawautazami tena moyo na kondo kama viungo viwili vilivyo mbalimbali, na katika maandishi yao wanazungumzia mhimili mmoja unaoviunganisha.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka kwa panya. Mwaka 1999 watafiti wa Taasisi ya Salk, La Jolla, katika jimbo la California nchini Marekani, walikuwa na panya waliokosa jeni (chembe ya urithi) moja tu, na vijusi vyao vilikuwa vikifa mapema, misuli ya moyo ikiwa myembamba isivyo kawaida. Mtu yeyote angedhani jeni ile ni ya moyo. Watafiti wale wakafanya jambo la ustadi: waliwapatia vijusi hao kondo lililoota kutokana na seli zenye jeni iliyo kamili, huku miili ya vijusi ikibaki bila jeni ile. Misuli ya moyo ikakua sawasawa. Kilichokuwa kimepungua kilikuwa katika kondo, na moyo ulikuwa umelipa gharama yake. Mwaka 2018 kazi kubwa zaidi, iliyoongozwa na watafiti wa Taasisi ya Babraham karibu na Cambridge, Uingereza, ilichunguza aina 103 za panya ambao vijusi vyao, vyote au baadhi, hufa tumboni kwa kukosa jeni fulani, na karibu theluthi mbili ya aina hizo zilikuwa na kondo lenye kasoro. Palipokuwa na kondo lenye kasoro, mara nyingi kasoro za moyo, mishipa na ubongo nazo zilikuwapo.

Binadamu si panya, na hakuna atakayembadilishia mtoto kondo ili aone kitakachotokea. Kwa watu tunabaki na kuhesabu na kulinganisha. Nchini Denmark walipitia kumbukumbu za watoto zaidi ya 920,000 waliozaliwa kati ya mwaka 1997 na 2011, wakakuta kwamba watoto wenye baadhi ya kasoro za moyo, yakiwemo matundu makubwa ya ukuta wa chini, ukuta ule ule wenye tundu kwa binti yako, walizaliwa na kondo lenye uzito mdogo kuliko ilivyotarajiwa. Hata hivyo, aina nyingine za kasoro za moyo hazikuonyesha upungufu huo. Maneno ya yule muuguzi uliyemsikia, kwa hiyo, yanapatana na jambo lililowahi kuonekana kwingine. Kondo la mimba iliyotimiza miezi yake huwa na kipenyo cha sentimita 20 hivi na uzito wa takriban nusu kilo. La wiki 33 huwa dogo zaidi kwa desturi yake, na mabaka meupe magumu mara nyingi ni sehemu zilizokosa damu, jambo la kawaida kwa mama aliyepata presha ya mimba.

Presha yako sasa. Katika jimbo la Quebec, Canada, watoto zaidi ya milioni 1.9 waliozaliwa kati ya mwaka 1989 na 2012 walilinganishwa. Kwa mama waliopata presha yenye protini kwenye mkojo, ile inayoweza kuishia katika kifafa cha mimba, watoto wenye kasoro za moyo walikuwa 16.7 kwa kila 1,000. Kwa mama ambao hawakuipata walikuwa 8.6. Ni karibu mara mbili, na ninajua jinsi neno “mara mbili” linavyoingia kichwani mwa mama mwenye hofu. Igeuze hesabu hiyo: kati ya watoto 1,000 wa mama waliougua kama wewe, zaidi ya 980 walikuwa na moyo usio na kasoro.

Na hapa ndipo napenda unielewe kuliko mahali pengine popote katika barua hii. Presha ya mimba ya namna yako huonekana baada ya wiki ya 20. Ukuta wa moyo umemaliza kujengwa wiki nyingi kabla ya hapo. Presha iliyokulaza mwezi wa saba haikuwa na moyo wa kutoboa, kwa sababu tundu lilikuwepo kabla yake. Kwa nini basi mambo haya mawili hukutana kwa mama mmoja? Maelezo yanayoaminika zaidi ni kwamba yana mzizi wa pamoja. Katika miezi ya mwanzo seli za kondo hutakiwa kuingia katika mishipa ya mji wa mimba na kuipanua, ili damu ya mama ije kumiminika kwa wingi na kwa utulivu. Zisipofanya hivyo vizuri, kondo hudumaa, na miezi kadhaa baadaye huachia katika damu ya mama kemikali zinazokaza mishipa yake, presha ikapanda. Kemikali hizo ni zile zile zinazodhibiti uotaji wa mishipa ya damu, na mizani yake imekutwa imepotoka pia kwa wajawazito waliobeba watoto wenye kasoro za moyo. Mvurugiko mmoja wa mwanzo, basi, unaweza kugusa mishipa ya kondo na moyo unaojengwa kwa wakati mmoja.

Yapo pia maelezo yanayokwenda kinyume, na si haki kukuficha. Moyo ulioanza na kasoro unaweza kusukuma damu kidogo kwenye kondo, na kondo likadumaa kwa sababu hiyo. Kwa mtoto mmoja mmoja, kama binti yako, hakuna kipimo kinachoweza kusema ni kipi kilichotangulia. Daktari atakayekuambia kwa uhakika kwamba kondo ndilo lililosababisha atakuwa amesema zaidi ya anachokijua, na ndivyo ilivyo kwa atakayekuambia kwamba halihusiki kabisa.

Kuhusu wifi yako nitasema kwa ufupi: kusimama darasani na kubeba ndoo hakutoboi moyo wa mtoto. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa popote duniani, karibu mmoja huwa na kasoro fulani ya moyo, awe mtoto wa mbeba ndoo au wa asiyewahi kuigusa. Sababu zinazojulikana ni nyingine: kasoro katika chembe za urithi kama ile ya watoto wenye hali ya Down, kisukari cha mama kisichodhibitiwa tangu kabla ya mimba, rubela katika miezi mitatu ya mwanzo, pombe, na baadhi ya dawa, zikiwemo baadhi ya zile za kifafa. Kwa watoto wengi sababu moja haipatikani.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo hukuliuliza, nami nataka nilizungumze kwa uangalifu. Ulianza kliniki na damu ya 9. Mwaka 2021 watafiti wa Oxford walionyesha kwamba panya wajawazito waliokosa madini ya chuma walikuwa na vijusi vingi vyenye kasoro za moyo na mishipa, na walipopewa madini hayo mapema, madhara yalipungua. Baadaye, mwaka 2025, uchunguzi wa kumbukumbu za wajawazito nchini Uingereza ulikuta kwamba waliokuwa na upungufu wa damu katika siku 100 za mwanzo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa karibu nusu, wa kupata mtoto mwenye kasoro ya moyo. Sikuelezi haya ili uongeze jambo jingine la kujilaumu. Damu yako ilipimwa mwezi wa tano, wala hatujui ilikuwaje katika wiki za mwanzo. Upungufu wa damu ni wa kawaida mno kwa wanawake wa huku kwetu, kutokana na malaria, minyoo, hedhi nzito, mimba zinazofuatana na chakula kisichotosha, na mwanamke hawezi kuutambua kwa kujitazama kwenye kioo. Nakueleza kwa sababu, kati ya yote tuliyoyazungumza, hili ndilo ambalo wewe na mumeo mnaweza kulishughulikia sasa hivi, kabla ya mimba nyingine.

Hilo linatufikisha kwenye swali lako la mwisho. Kwa wazazi wenye mioyo isiyo na kasoro ambao wameshapata mtoto mmoja mwenye kasoro ya moyo, uwezekano wa mtoto anayefuata kuwa nayo ni takriban 2 hadi 4 kati ya 100. Ni zaidi kidogo kuliko kwa watu wengine, lakini bado watoto wapatao 96 au zaidi kati ya hao 100 huzaliwa bila kasoro. Presha ndiyo inayohitaji macho zaidi, kwa sababu mama aliyewahi kuipata, hasa mapema kabla ya wiki ya 34, anaweza kuipata tena. Uchunguzi wa mimba karibu milioni mbili za Denmark uliotolewa mwaka 2017 ulikuta kwamba mambo haya mawili yanafuatana hata kutoka mimba moja kwenda nyingine: aliyepata presha katika mimba iliyotangulia huwa na uwezekano zaidi wa kupata baadaye mtoto mwenye kasoro ya moyo, na aliyepata mtoto wa namna hiyo huwa na uwezekano zaidi wa kupata presha baadaye. Kwa hiyo popote utakapokwenda kliniki, taja yote mawili, hata kama aliye mbele yako ameuliza moja tu.

Ushauri wangu ni msubiri. Binti yenu afanyiwe upasuaji, apone, aongezeke uzito, na mwili wako upumzike kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, kwa njia ya uzazi wa mpango itakayokufaa wewe mwenye historia ya presha. Zungumza na mhudumu, kwa sababu si kila njia inamfaa kila mtu. Katika muda huo pima presha hata kama hujisikii vibaya, pima sukari, pima wingi wa damu na ujazie upungufu mpaka urudi sawa. Uliza pia kuhusu kinga ya rubela: chanjo hiyo iliingizwa katika ratiba ya watoto nchini Tanzania mwaka 2014, wewe ukiwa umeshakuwa mkubwa, na kama hukuwahi kuipata, hutolewa kabla ya mimba, kamwe si wakati wa mimba. Miezi mitatu kabla ya kuanza kutafuta mtoto, anza vidonge vya foliki asidi. Faida yake iliyothibitishwa zaidi ni kwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, nayo ni sababu tosha.

Ukikosa hedhi, nenda kliniki wiki hiyo hiyo. Mweleze daktari kwamba ulipata presha kali na ukajifungua kwa wiki 33, na umuulize kuhusu aspirini ya kiwango kidogo, ambayo huanza kutolewa kuanzia wiki ya 12 kwa mama wenye historia kama yako, pamoja na vidonge vya kalsiamu kwa wale ambao chakula chao hakina ya kutosha. Aspirini usiianze mwenyewe kwa kuinunua dukani. Tena ujue inafanya kazi gani: hupunguza uwezekano wa presha ya mimba na madhara yake, lakini haizuii tundu la moyo, kwa kuwa ifikapo wiki ya 12 moyo umeshajengwa. Kati ya wiki ya 18 na ya 22 omba rufaa ya kupimwa moyo wa mtoto akiwa tumboni. Kipimo hicho hakipatikani kila wilaya, kwa hiyo safari yake ipangwe mapema. Katika ultrasaundi hiyo hiyo waweza kuuliza kondo limekaaje, kitovu kimeshika wapi na kina mishipa mingapi, na damu inapitaje ndani yake.

Siku ya kujifungua, mume wako au mama mkwe awaombe wahudumu mapema, kabla hujaingia chumba cha uzazi, kwamba kondo litazamwe na kupimwa uzito, na kwamba kilichoonekana kiandikwe katika kadi yako. Pale penye maabara ya kuchunguza vipande vya mwili, daktari anaweza kulipeleka huko. Baada ya hapo ombeni mkabidhiwe mkalizike. Mkiomba kwa wakati na kueleza sababu, wahudumu wanaweza kuwaandalia. Mweleze mama mkwe utaratibu huu tangu sasa, umshirikishe, kwa sababu nadhani mzee huyo anatafuta mahali pa kuweka huzuni yake, na kazi ya kulisimamia kondo la mjukuu ajaye itamfaa zaidi kuliko kukulaumu kwa la aliyepita.

Kwa sasa yupo binti yako, na ndiye wa kwanza. Mnyonyeshe kidogokidogo na mara nyingi, kwa kuwa kunyonya kwake ni kama mwingine kupanda mlima. Usiache dawa zake hata siku moja, na chanjo zake zote azipate kwa wakati. Akianza kuwa na midomo ya rangi ya samawati, akikataa kunyonya, akihema mpaka mbavu zinaingia ndani au akilegea, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati na kondo dogo ana deni la uzito ambalo wenzake hawana, na madaktari wa moyo hupenda mtoto aende kwenye upasuaji akiwa na nguvu. Kwa hiyo, mtakapokwenda Dar es Salaam, chukua kadi ya kliniki ya mimba pamoja na ya mtoto, na umweleze daktari kuhusu presha, wiki 33, kilo 1.6 na maneno uliyoyasikia kuhusu kondo. Kisha umwombe akuandikie kwa maandishi aina ya tundu alilonalo binti yako na ukubwa wake, uyatunze maandishi hayo, kwa maana ndiyo yatakayoulizwa siku utakapobeba mimba nyingine.